UZI: Kanali (mtaro wa maji) mpya mu bonde imeleta mavuno, lakini maji ya chemchemi imegeuka. Kosa ni ya nani?

Mulimaji_Nyangezi
Yambo wandugu. Nauliza hapa juu najua muko watu wa kila namna, ba-agronomu, bainfirmiye (manesi), walimu, na wenye kulima kama miye.

Kwetu kwa upande wa Nyangezi, Kivu ya Kusini, tunalimaka mu bonde. Zamani ilikuwa mafunjo na maji tu, mtu anapanda mateke (magimbi) kandokando na basi. Kisha tukaungana, tukachimba kanali kubwa moja ya katikati na zingine za kidogo zenye kumwaga ndani yake, tukafata mteremko mpaka ku kamto. Leo kuko mahindi, maharagi, shu (kabichi), nyanya, na sezoni C, ile ya kiangazi, watu wanavuna wakati ku mlima hakuna hata jani. Kwa hiyo mtu asiniambie kanali ni mubaya, watoto wetu wanasoma juu ya ile bonde.

Shida ni hii. Chini ya bonde kuko chemchemi yenye watu ya vijiji mbili wanashotaka maji. Toka kanali ilifika karibu na pale, maji inatoka na rangi ya kutu, juu yake inafanya ka-ngozi kama ya mafuta, na mvua ikianza inanuka. Watu ya chini wanasema ni dawa na angre (mbolea ya duka) yetu, wamesema tufukie kanali. Shefu ameita kikao. Nataka niende na majibu, si na matusi. Kanali njo inaharibisha maji ama tunasingiziwa?

Sambaza_Frit
Munasingiziwa nusu, nusu ingine ni kweli. Kikao imeisha, lete kasiksi (pombe ya ndizi) 😂

Agro_Kavumu
Pole mukubwa. Ile kutu isikutishe sana, ni chuma ya udongo yenyewe. Udongo wa bonde ukikaa ndani ya maji miaka na miaka hewa haiingie, na chuma yenye iko ndani inayeyuka inatembea na maji bila rangi yoyote. Ukichimba kanali, yale maji inatoka inje, inakutana na hewa, chuma inarudi kuwa kutu njo unaona ule uchafu wa orange ku kingo na ku mawe. Ile bonde hata kama hamukuweka gramu moja ya angre ingetoa kutu. Wenye kulima mpunga wanaijua vizuri, majani ya mpunga inapigaka madoa ya kahawia juu ya chuma kupita kiasi.

Sasa sijasema angre yenu haina neno. Angre njo ile hamuione.

Mwalimu_Kemia
Agro amesema vizuri. Naongeza test ya bure kwa ile ngozi ya juu ya maji. Kata kijiti, ingia polepole usivuruge maji, gusa ile ngozi. Kama inavunjika vipande vipande vyenye kona kama kioo, na vile vipande vinabaki mbalimbali, ni bakteria zenye kuishi na chuma. Kama inakimbia kijiti kisha inajirudisha pamoja na rangi zinazunguka, basi ni mafuta ya kweli, mota ama mazuti. Wanafunzi wangu wa Bagira nimewafanyisha hii ku mtaro na kila mara wanabishana mpaka wanaona kwa macho.

Kenya_Lushois
Bandugu ba Kivu mulamuke. Huku kwetu Lubumbashi maji ikibadilika rangi hatuulizake angre, tunauliza kwanza mine iko wapi ku juu. Munachimba or (zahabu) na cassitérite (mawe ya bati) kila fasi kule, mutu anaosha mchanga ku mto, ninyi munafikiria ni shu na nyanya. Batu ya kwetu balikufaka samaki mu mito juu ya asidi, hatukulaumu mulimaji.

Yaya_Furaha
@Kenya_Lushois balikufaka samaki ama samaki ilikufaka? 😂😂

Kenya_Lushois
Samaki yaya, samaki. Weye unaelewa, usinifanyie masomo.

Mulimaji_Nyangezi
Aksanti wote. @Kenya ku juu yetu hakuna mine, kuko mashamba, mikaratusi, na watu wanafanya matofali. Kesho nitapiga ile test ya kijiti. @Agro fafanua vizuri ile ya angre yenye hatuone, juu tunatumiaka DAP wakati wa kupanda na watu wanasema DAP iko na azoti (naitrojeni) 46, njo yenye inaingia mu maji.

Agro_Kavumu
Apana, hapo mutarekebisha mbele ya kikao. Yenye iko na azoti 46 ni urea. DAP ni 18-46-0, maana azoti 18 na ile 46 ni fosfati, potasi hakuna. Ile angre ya 17-17-17 ndiyo iko sawasawa kwa zote tatu.

Na hizi mbili hazitembee njia moja. Azoti ikigeuka nitrati inayeyuka kabisa, inashuka na maji chini ya ardhi, inaweza kutokea ku chemchemi bila rangi, bila harufu, bila ladha. Fosfati yenyewe inashika ku udongo, haitembee peke yake. Inatembea wakati udongo unatembea, mvua ikipiga kingo ya kanali na kanali inakula pembeni, matope inashuka na fosfati ndani. Kwa hiyo kama maji yenu ni nyeusi ya matope wakati wa mvua muwe na wasiwasi wa fosfati na vijidudu, na kama ni safi kabisa kiangazi usifurahi, pima nitrati.

Infirmiye_wa_Kabare
Ninyi muko na azoti, miye niko na watoto wenye kuharisha. Nawaambia kwa mafasi ile nafanyaka kazi, mama akileta mtoto tunauliza maji anashota wapi, na karibu kila mara ni chemchemi yenye choo iko juu yake ama ng'ombe zinakunywa pale pale. Kutu haiue mtu. Inachafua nguo nyeupe na inaharibu ladha ya chai, njo sababu OMS (shirika la afya la dunia) wanaongea juu ya chuma 0,3 mg kwa litri, ni juu ya ladha na rangi zaidi kuliko ugonjwa. Chenye kuua ni chenye hakionekane. Chemsheni maji, shida imeisha.

Mwalimu_Kemia
Infirmiye heshima yako, kwa vijidudu chemsha kabisa, hakuna mbishi. Lakini kwa nitrati moto hausaidie. Maji inapunguka ku sufuria, nitrati inabaki yote, kwa hiyo inazidi. Mama akimchanganyia mtoto mchanga maziwa ya unga na ile maji anamzidishia. Kwa mtoto wa miezi ya kwanza nitrati inaharibu kazi ya damu kubeba hewa, mtoto anageuka wa bluu ku midomo na ku vidole.

Infirmiye_wa_Kabare
Ni kweli, ile iko mu vitabu vyetu. Ila kwetu mtoto wa miezi ya kwanza ananyonya titi, maziwa ya unga nani iko na feza yake? Siyo kwamba haiwezekane, nasema kipaumbele.

Mushi_wa_Iowa
Wandugu yambo sana kutoka Marekani. Niko huku Des Moines miaka kiasi, tuko Wakongomani wengi, na hii hadithi yenu ni ya huku kabisa ila kwa kipimo ya kutisha. Huku Iowa, fasi mingi yenye munaona mahindi mpaka macho inachoka ilikuwa bonde na maji. Wazungu walizika mabomba chini ya udongo, zamani za udongo wa kuchoma, sasa za plastiki yenye matundu, maji inashuka ndani inaenda ku mtaro, mtaro mpaka ku mto. Mahindi inakubali kabisa. Lakini nitrati inashuka na maji moja kwa moja bila kupita mu udongo wa kuichuja, na mto Raccoon njo watu wa mji wanakunywa.

Kampuni ya maji ya mji ilijenga mashine ya kutoa nitrati toka miaka ya 90 mwanzo, mashine yenye gharama sana. Mwaka 2015 wakashitaki vyama vya mitaro vya kontri (wilaya) tatu za juu. Kesi ikaanguka 2017. Na 2025 nitrati ilipanda tena mpaka wakakataza watu kumwagilia majani ya mbele ya nyumba, juu mashine haikuweza kusafisha maji ya kutosha kwa wote. Kwa hiyo Mulimaji ukifika ku kikao uwaambie hata wenye pesa wanapigana ya juu na ya chini.

Sambaza_Frit
Watu wanamwagilia majani yenye hawakule. Hapo njo nimeacha kusoma.

Yaya_Furaha
😂😂 Lakini kesi ilianguka juu ya nini? Hapo njo penye faida.

Mushi_wa_Iowa
Yaya, korti walisema vile vyama vya mitaro kazi yavyo kwa sheria ni kutoa maji mu mashamba, havina nguvu ya kufanya ingine, na huwezi kuvidai feza. Hawakusema maji ni safi. Walisema tu mlango mulipiga sio wenyewe, muende kwa wabunge.

Tena wao huku sheria yao ni nitrati 10 mg kwa litri, na OMS wanasema 50. Kwa hiyo Waafrika tunaruhusiwa kunywa mara tano ya mzungu, muone sasa.

Mwalimu_Kemia
Hapana hapana hapana. Ni karibu kipimo kimoja. Wamarekani wanahesabu azoti peke yake yenye iko ndani ya nitrati, OMS wanahesabu nitrati mzima na oksijeni yake. Ile 10 yao ukiigeuza ni karibu 45. Tofauti ni kidogo. Hii kosa naionaka kila mwaka mu mitihani.

Uvira_Mulongwe
Habari zenu. Mimi natoka upande wa Uvira, naona mnaongea kana kwamba mtaro ni wa kutoa maji tu. Huku uwanda wa Ruzizi mvua ni chache kuliko kwenu milimani, tunaleta maji kwa mifereji kutoka mitoni kumwagilia mpunga, na mahali pengine udongo una chumvi. Ukiingiza maji bila kuwa na mtaro wa kuyatoa, jua linanyonya maji juu, chumvi inabaki, baada ya muda unaona ardhi nyeupe na mpunga unaungua kuanzia kwenye ncha za majani. Kwa hiyo kwetu mtaro wa kutoa maji ndio unaokoa shamba. Ila yule wa chini naye anapokea chumvi ya wote wa juu. Msidhani kufukia ndiyo dawa kila mahali.

Goma_Volkano
Ninyi muko na shida ya maji mingi, siye Goma tunakaa juu ya mawe ya volkano, mvua inanyesha na dakika kidogo haiko tena, imeingia chini. Bidoni inatoka ku lac (ziwa). Mukichoka na ile bonde yenu mutulete huku 😅

Yaya_Furaha
Bon, sasa na miye niongee juu niko na ka-shamba mu bonde, na niko mwanamke, na naona wanaume wote hapa wanaongea angre. Hakuna mtu amesema MIHOGO.

Mulimaji niambie ukweli. Wamama wa kwenu wanaloweka mihogo wapi? Kwetu mbele ya kanali kila mtu alikuwa na ka-shimo yake. Toka kanali zilikuja, kila mtu anatupa mihogo mu kanali, anaweka jiwe juu, anarudi kisha siku tatu ine mihogo imelainika. Ile maji inanuka mpaka kooni, inakuwa na povu, samaki yenye kupita pale inageuka tumbo juu. Mihogo ikiwa ya uchungu ile sumu yake njo inabaki mu maji. Na harufu yenye unasema ya mvua ya kwanza, miye nasema ni ile maji ya mihogo yenye ililala mu kanali kiangazi yote, mvua ikaja ikaisukuma.

Infirmiye_wa_Kabare
Yaya umesema kitu. Naunga mkono.

Agro_Kavumu
Iko uwezekano mkubwa. Hata steshoni za kuosha kahawa kandokando ya lac zinaleta shida ya namna hiyo, ule utelezi wa kahawa unaoza unamaliza hewa ya maji, samaki inakosa kupumua. Si lazima iwe sumu.

Mulimaji_Nyangezi
Wanaloweka ndiyo. Mu kanali ile kubwa. Lakini Yaya nikienda ku kikao nikasema ni wamama, nitatoka pale mzima?

Yaya_Furaha
Utatoka mzima kama utasema na wanaume wenye wanachimba udongo wa matofali mu bonde na kuacha mashimo ya maji yenye kulala. Sema yote kwa pamoja.

Kabare_Mzee
Watoto wangu nawasikiliza. Mimi ni mzee, nilikuwa naona zile bonde mbele hazijalimwa. Maji ya chemchemi ilikuwa safi juu mafunjo ilikuwa inaichuja, sisi hatukujua kemia lakini tulijua usikate mafunjo ya ku mdomo wa maji. Halafu mnasahau mikaratusi. Kila chemchemi leo iko na mikaratusi juu yake, inakunywa maji, chemchemi inakonda, na maji ikiwa kidogo uchafu unaonekana mingi. Ngoeni ile mikaratusi mbele ya kulaumu kanali.

Agro_Kavumu
Shikamoo mzee. Ya mafunjo ni kweli tupu. Ya mikaratusi ni kweli kiasi, inakunywa kabisa hasa ikiwa mingi karibu na chemchemi, lakini yenyewe haigeuze rangi ya maji kuwa kutu. Ila uko na haki kwa moja, maji ikipunguka kila uchafu unapata nguvu.

Kabare_Mzee
Haki niko nayo yote, nusu unaniibia.

Sambaza_Frit
Mzee 1, Agro 0 🔥

Mushi_wa_Iowa
Ya mzee ya mafunjo, huku wameirudia kwa pesa nyingi. Wanatoa maji ya bomba mbele ifike ku mto wanaipitisha ku shimo lenye limejaa vipande vya mbao, bakteria zinakula mbao na kupumua nitrati, azoti inaruka hewani. Ama wanaacha ukanda wa majani ku kingo ya mto na kuzungusha maji ipite chini yake. Na wanaweka kisanduku ku mdomo wa bomba chenye mbao za kupandisha na kushusha, kiangazi unafunga maji inabaki mu shamba, mvua ikija unafungua.

Kenya_Lushois
Patron, weye uko na mabomba, Mulimaji iko na jembe na coupe-coupe (panga). Kanali yake imechimbwa na mikono ya batu.

Agro_Kavumu
@Kenya hapo usicheke, ile ya mbao za kufunga inafaa kwetu kuliko kwao. Haina haja ya bomba. Unatafuta fasi kanali ni nyembamba, unasimamisha nguzo mbili zenye mfereji, unapitisha mbao moja juu ya ingine. Sezoni C unaacha mbao, maji inapanda mpaka chini kidogo ya mizizi, maharagi hayafe kiu na wewe hubebe arozwari (kopo ya kumwagilia) usiku na mchana. Na maji yenye chuma inabaki chini penye hakuna hewa, haitoke mingi. Mvua kali zikifika unatoa mbao moja moja, usitoe zote mara moja juu maji itakimbia na matope.

Na watu wanachimba kanali ndani kupita haja. Maharagi na shu hazihitaji bonde ikauke mpaka chini. Ukiikausha sana na udongo ni ule mweusi wa majani ya zamani, unashuka mwaka kwa mwaka, unakuwa unga, ukishika moto unawaka chini kwa chini. Baadaye shamba limeshuka kuliko kanali na maji inarudi, munachimba tena.

Yaya_Furaha
Rwanda ilifika hiyo? Nasikia walifukuza watu mu bonde moja juu umeme ilikatika Kigali.

Goma_Volkano
Ndiyo, Rugezi. Maji ilipungua mu lac Kivu umeme ikakatika.

Mwalimu_Kemia
Si Kivu ndugu. Rugezi inamwaga ku ziwa Burera, na kati ya Burera na Ruhondo njo kuko steshoni ya umeme ya Ntaruka. Watu walikausha Rugezi kwa kulima, maji ya Burera ikashuka vibaya karibu 2003 na 2004, Ntaruka ikakosa nguvu. Serikali ikazuia kulima, 2005 ile bonde ikaandikwa mu orodha ya Ramsar, ile ya dunia ya mabonde ya maji yenye kulindwa.

Uvira_Mulongwe
Na kuna wanaosema mvua ilikuwa chache miaka ile na mashine za Ntaruka hazikuendeshwa vizuri, mkulima akabebeshwa yote. Ukweli unaweza kuwa wa wote. Lakini aliyefukuzwa bondeni ni nani? Ni mwenye jembe.

Kabare_Mzee
Daima.

Mulimaji_Nyangezi
Nimepiga test ya kijiti. Ngozi imevunjika vipande na haikurudi pamoja. Fasi mbili. Fasi ya tatu, karibu na mahali piki zinaoshwa, ilijirudisha. Kwa hiyo tuko na zote mbili 😩

Mwalimu_Kemia
Safi sana. Sasa kamata vichupa, andika fasi: juu ya mashamba, katikati, ku mdomo wa kanali, na ku chemchemi yenyewe. Kuko bandeleti za nitrati zenye kubadilika rangi, unachovya unalinganisha na kadi. Ukipata nitrati ya juu ku chemchemi na kidogo ku juu ya mashamba, angre yenu inahusika. Ukipata mingi hata juu, tafuta choo ama zizi. Fanya mwanzo wa mvua na kiangazi, kipimo kimoja hakitoshe.

Infirmiye_wa_Kabare
Na dawa za nyanya? Hakuna mwenye ameigusa. Watu wanaosha pompi ya mgongo mu kanali pale pale, chupa wanaitupa, mtoto anaiokota anashotea maji. Ile bandeleti haionyeshe mankozebu, ile dawa ya nyanya. Mutaona nitrati iko sawa mutasema maji ni safi.

Agro_Kavumu
Ni kweli, na hapo hakuna test ya rahisi ya kijiji. Pompi ioshwe juu ya shamba lenyewe, ile maji imwagwe ku mistari, si ku kanali. Karibu na chemchemi usipige kabisa. Acha ukanda, panda penisetumu ama tripsakumu, unakata unalisha mbuzi na dende (simbilisi), ukanda haupotee bure. Angre nayo, urea musiimwage yote siku moja mbele ya mvua, mugawe.

Yaya_Furaha
Agro unaongea vizuri lakini unajua nani atapanda huo ukanda? Miye nalima kwa BWASA. Nalipa kwa sezoni, mwenye shamba anaweza kunitoa sezoni yenye kufuata na kumpa mwingine. Unataka nipande majani yenye yatakuwa mazuri kisha mwaka, nimpandie nani? Mwenye kalinzi (udongo wa kupewa na mwami, mfalme wa kienyeji) njo anaweza kufikiria mbele, na yeye haishi mu bonde, anakuja kuchukua gunia. Wamama wengi wa bonde tuko na bwasa. Kwa hiyo ninyi munahubiria watu wenye hawana neno.

Kenya_Lushois
Yaya amepiga msumari. Hapa njo shida yote.

Mulimaji_Nyangezi
Yaya hapo umenigusa, juu hata mu chama yetu nusu ni bwasa. Wenye mashamba hawakuja kuchimba lakini walipandisha bei kanali ilipokwisha.

Uvira_Mulongwe
Sheria ya maji ipo, ya tarehe 31 Desemba 2015, na ya ardhi ya 1973 inasema udongo ni wa Serikali. Sasa nenda umwambie mwenye kalinzi na mwami kwamba udongo ni wa Serikali, utuletee majibu.

Sambaza_Frit
Atatuletea kutoka hospitali.

Kabare_Mzee
Mwami anaweza kukata neno kama mukimwendea na heshima. Zamani kulikuwa na fasi zenye hazilimwe, na hakuna aliyeuliza karatasi. Muombeni ukanda wa ku chemchemi uwe wa watu wote, si wa mwenye bwasa wala wa mwenye kalinzi. Halafu salongo (kazi ya watu wote) ya posho (Jumamosi) inaushika.

Yaya_Furaha
Salongo ya posho tunafikaka wanawake na watoto. Lakini wazo ni zuri mzee, nakubali.

Mushi_wa_Iowa
Swali moja bado. Ile mbao ya kufunga kanali, nani ataishika? Huku kila mtu iko na yake ku mdomo wa bomba yake. Ninyi kanali ni moja. Mwenye mpunga anataka maji juu, mwenye nyanya anataka maji chini. Mvua ikianguka saa nane ya usiku mwenye nyanya ataamka kufungua, na ile maji yote itashukia watu ya chemchemi.

Agro_Kavumu
Njo maana mafasi yenye nimeona inakubali, mbao iko na mtu mmoja mwenye analipwa na chama, na kufuli.

Yaya_Furaha
Na mafasi yenye nimeona miye, kufuli ilikatwa sezoni ya kwanza.

Mulimaji_Nyangezi
Kikao ni posho kisha soko. Nitabeba mambo ya kutu, mihogo, pompi, piki, na ukanda wa mwami. Bandeleti nitatafuta Bukavu, mwenye anajua duka anitumie mu inbox. Kama watakataa yote nitaomba hata mihogo itoke mu kanali, wamama wachimbe mashimo mbali na chemchemi. @Yaya utakuja utetee?

Yaya_Furaha
Nije kutoka Kadutu juu ya mihogo yenu? Lipa transporo.

Sambaza_Frit
Na kasiksi.

Chimpunda_Junior
Yambo, nimesoma uzi yote. Siye tuko na bonde ya matofali, mashimo imejaa maji na watoto wanashota pale. Tukiyafungulia kanali yaende ku mto inafaa ama tunahamisha shida?

Agro_Kavumu
Munahamisha. Ku mto nani anakunywa?

Chimpunda_Junior
Siye wenyewe, mbele kidogo.